Sauti Arobaini na Nane

Wifi yangu, aliyeolewa na kaka yangu mkubwa, tangu nimjue hajawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Ataonja funda moja, ainuke, achungulie nje, arudi, ainuke tena.

"Wifi, kiti kina siafu?" namuuliza.

"Siafu wako mdomoni mwako."

Tumetaniana hivyo zaidi ya miaka arobaini. Haya ninayoandika sikusimuliwa, niliyaona, na kumbukumbu yangu haijachuja.

Yeye alikuwa matroni wa bweni la wasichana, mimi mpishi wa shule hiyohiyo. Bweni lake lilikuwa jengo refu lenye vitanda ishirini na vinne vya juu na chini, mlango mmoja mbele na mwingine nyuma. Ule wa nyuma haukuwa na kufuli. Wifi alilikataa kufuli mpaka akagombana na mwalimu mkuu. Lakini masanduku ya bati ya wasichana hayakuwa na pa kukaa, basi yakapangwa palepale mlangoni, moja juu ya jingine, yakawa kama ukuta. Alisema atayahamisha. Kila muhula alisema.

Kila mwezi kulikuwa na zoezi la moto. Kengele inagongwa, wasichana wanatoka mbio, wanajipanga uwanjani na kuitwa majina. Mwalimu mkuu alishika saa. Mabweni yalikuwa matatu, na lililowahi kumaliza kuitika lilisifiwa mbele ya shule nzima. La wifi lilimaliza kwa dakika mbili, mwezi baada ya mwezi. Wasichana wakambandika jina, Dakika Mbili, naye akawa anatembea shingo juu.

Siri yao niliijua mimi, maana dirisha la jiko lilitazama uwanja. Msichana akichelewa na viatu vyake, rafiki yake anamwitikia. "Nipo!" Kinywa kilekile mara mbili, mara kwa sauti nyembamba, mara kwa nzito.

Nikamwambia, "Wenzako wanaita watu, wewe unaita mwangwi."

"Wivu huo. Koroga sufuria lako lisiungue."

Alikuwa akisikia, usidhani. Masikio anayo. Alicheka tu.

Basi Jumamosi moja, saa nane mchana, umeme ulikatika. Msichana mmoja alikuwa akipiga pasi sare yake juu ya godoro, karibu na mlango wa mbele. Akaiacha pasi pale, waya kwenye soketi, akaenda bombani kufua. Umeme uliporudi hakuna aliyeikumbuka.

Niliposikia kengele nilidhani ni zoezi. Kisha nikaona moshi.

Wasichana walitoka vizuri ajabu, wakajipanga kama walivyozoea. Wifi akaita orodha. Arobaini na nane, wote waliitika. Mwalimu mkuu akatazama saa yake, kwa mazoea tu, maskini, akasema, "Wote wametoka. Hongera, mama."

Wifi hakutulia. Alipita mstari wa kwanza akigusa vichwa, akapita wa pili, akarudi mwanzo.

"Arobaini na saba."

"Umekosea, mama. Wameitika wote."

"Sauti ndizo zimeitika. Nani kamwitikia mwenzake?"

Wasichana wakatazamana.

"Semeni! Simchapi mtu, simfukuzi mtu. Nani?"

Msichana mmoja mwembamba akatoka mstarini. "Mimi, mama. Nilidhani yuko nyuma yangu. Alikuwa na homa, akameza dawa akalala. Kitanda cha mwisho, kule kwenye masanduku."

Wifi alichomoa shuka kwenye ndoo ya kufulia, likichuruzika maji, akajifunika kichwa na kuingia. Mwalimu mkuu alitaka kumdaka mkono, akaambulia hewa.

Mimi nilizunguka mbio hadi mlango wa nyuma, mwiko mkononi, sijui nilikuwa naenda kupika nini. Nikasukuma kwa bega. Mlango ukaachia upana wa kidole, basi. Ndani nilisikia kukohoa na bati likiburuzwa sakafuni.

"Wifi!"

"Sukuma, usiongee!"

"Nasukuma!"

"Sukuma kama mtu aliyekula!"

Sanduku likaanguka, na jingine, na jingine. Dari lilikuwa likilia kwa kupasuka. Kisha kukohoa kukakoma. Hapo nikasukuma hadi bega likateguka, nikiita jina lake la utotoni ambalo halipendi, ili anijibu japo kwa tusi. Hakujibu. Mwalimu mkuu na wasichana wakanijia mgongoni, tukasukuma kwa pamoja, mlango ukafunguka nafasi ya mtu kupita ubavu. Ukatokea mguu wenye soksi, kisha msichana mzima, amelegea, kisha wifi akitambaa, nywele za mbele zimeungua.

Msichana alilazwa siku tisa, kifua kimejaa moshi. Mama yake alifika kesho yake. Kando ya kitanda tulikuwa mimi, wifi, na yule rafiki mwembamba aliyekataa kubanduka.

"Nimeambiwa majina yaliitwa," mama akasema, "na mwanangu akaitikiwa kuwa yuko nje. Aliyemwitikia ni nani?"

Rafiki akajikunyata. Wifi akasimama.

"Ni mimi."

"Wewe? Si ndiye uliyemtoa?"

"Nilimtoa kwa sababu mimi ndiye niliyemwacha. Nimewasikia wakiitikiana miezi yote, nikafurahia kushinda. Mtoto huyu kafanya nililomzoesha."

Yule mama hakushukuru wala hakutukana. Alimtazama wifi mpaka mimi ndiye niliyeinamisha macho. Kisha akamgeukia rafiki.

"Ulidhani yuko nyuma yako?"

"Ndiyo, mama."

"Ukageuka?"

"Hapana, mama."

"Siku nyingine geuka."

Akamsogezea kiti.