Jicho la Juu la Hadubini

Nichekeni, lakini polepole, maana aibu yenyewe bado ni mbichi. Mwezi uliopita kliniki yetu hapa Migori ililetewa hadubini mpya yenye macho matatu ya kuchungulia: mawili mbele, na la tatu limesimama juu kama bomba la moshi. Mimi, niliyesoma masomo ya usiku mpaka mbu wote wakanijua kwa jina, nikawatangazia wenzangu kwamba yale mawili ni ya wafanyakazi wa kawaida, na la juu ni la mkubwa.

Siku hiyo mkubwa wetu, Bi Anyango, alikuwa mkutanoni Homa Bay. Kwa hiyo mkubwa nikawa mimi. Akaja Mama Awuor, muuzaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, akitetemeka kwa homa. Nikamtoa damu, nikapanda juu ya stuli, nikaliinamia jicho la juu. Giza tupu! Lakini ningeshukaje?

"Omera, ndugu yangu, unaona nini?" akauliza Mama.

"Wadudu wa malaria, Mama! Wamejaa kama omena kwenye karai lako."

"Yawa! Basi nidunge haraka nirudi sokoni." Akageuka, akaanza kulegeza leso.

"Shuka," ikasema sauti mlangoni. Bi Anyango alikuwa amerudi mapema. Akanyoosha mkono, akang'oa kifuniko cheusi kwenye jicho nililokuwa nikichungulia. "Hapa panafungwa kamera. Na hata kamera hutolewa kifuniko kwanza."

Mama Awuor akaifunga leso yake tena, kwa mafundo mawili.