Kikombe cha Chai Msibani Kongowe

Mwanamvua binti Salumu alikuwa mkulima wa muhogo na mpunga huko Mbwawa, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Mwaka 1951, akiwa hajatimiza miaka thelathini, alianza kukonda. Mtungi wa maji aliumaliza peke yake kwa siku, na kidonda kidogo cha jembe mguuni kikagoma kupona. Majirani walisema ni kijicho. Mumewe Mbaraka alimpeleka kwa waganga wawili, lakini kanga zilizidi kumpwaya.

Dada yake Tatu, aliyeolewa Kisarawe, alipokuja kumtazama alilia. Kesho yake wakampandisha lori la mkaa hadi hospitali ya Dar es Salaam, na huko wakaambiwa ni kisukari. Alilazwa wiki tatu. Dresa mmoja, mhudumu wa wagonjwa wadini, alimfundisha kujichoma sindano ya insulini kila asubuhi, kula kwa saa zilezile, kuosha miguu na kuikagua. Alimfundisha pia kupima mkojo: matone manane ndani ya dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, kisha kuchemsha. Ukibaki buluu, salama. Ukigeuka mwekundu kama tofali, sukari imezidi.

Mbaraka alishika neno moja tu, kwamba sukari ni sumu kwa mkewe. Walipofika nyumbani aliondoa asali, sukari guru na ndizi mbivu. Kila asubuhi alisimama juu ya kichwa cha Mwanamvua akitazama kichupa.

"Chekundu tena. Umekula nini?"

"Wali wa jana tu, mume wangu."

"Unanificha."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika mke mmoja tayari, na hofu ilimgeuza askari ndani ya nyumba yake.

Mwezi wa nane ukaja msiba wa mjomba wa Mwanamvua na Tatu huko Kongowe. Asubuhi Mwanamvua alijichoma sindano kama kawaida, lakini kabla hajala Mbaraka alihimiza waondoke, wasije wakakosa maziko. Walitembea zaidi ya saa tatu. Msibani alikaa na wanawake, na kila sahani ilipoletwa Mbaraka alituma mtu kuuliza imetiwa nini. Kwa aibu, Mwanamvua akasema ameshiba.

Adhuhuri alianza kutetemeka. Jasho la baridi likamlowesha, akamtukana mama mkwe wake, aliyekaa karibu naye, mbele za watu, yeye ambaye hakuwahi kumjibu. Mmoja akasema, "Pepo kampanda." Tatu aliinuka mbio, akarudi na kikombe cha chai kilichojaa sukari.

Mbaraka, aliyekuja mbio kwa kelele zile, alikipiga teke kwa hasira. "Unataka kumuua dada yako?"

"Shemeji, ulikuwa nje unatafuta lori dresa aliponieleza! Akitetemeka na kutokwa jasho baada ya sindano, sukari imemwishia. Mpe sukari upesi!"

"Sukari ndiyo iliyomlaza hospitali!"

Walipokuwa wakibishana, Mwanamvua alianguka ubavu, macho wazi, haitiki. Tatu hakungoja ruhusa. Alimlaza upande, akachota asali jikoni, akaanza kumpaka kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Mbaraka alimshika mkono amvute. Ndipo mama mkwe, aliyetukanwa punde tu, akamwambia mwanawe, "Mwache. Wewe huna unalolijua hapa."

Muda mrefu ulipita. Kisha Mwanamvua akapepesa macho, akaomba maji. Walimpa chai, halafu muhogo wa kuchemsha. Mbaraka alitoka, akakaa nyuma ya nyumba, na hakuhudhuria maziko.

Tangu siku hiyo hakumuuliza tena amekula nini. Mwanamvua alifunga sukari pembeni mwa kanga yake kila alipotoka, na hakutoka bila kula. Lakini maisha hayakuwa mepesi. Masika moja barabara ilikatika, insulini ikaisha kwa siku nne, akaokoka kwa shida. Baadaye macho yakaanza kufifia, Mbaraka akawa ndiye anayemsomea rangi ya kichupa, kwa sauti ya chini.

Mwanamvua alifariki mwaka 1958. Mbaraka hakutuma mjumbe Kisarawe. Alikwenda mwenyewe, akamkuta Tatu shambani, akasimama mbele yake. Tatu alimtazama usoni, akaweka jembe chini, akamshika mkono.