Baba na Wanusaji wa Bia

Gereji ya Bwana Graham ilinuka maboksi yaliyolowa, rangi ya zamani na bia iliyomwagikia saruji ikakaukia hapohapo. Hiyo ndiyo harufu ya kiangazi nilichotimiza miaka kumi na mmoja. Watoto wenzangu walipelekwa baharini kuogelea. Mimi nilipelekwa kunusa. Baba yangu, Salvatori, alikuwa akiendesha foklifti, gari la kuinulia mizigo, katika ghala moja karibu na bandari ya Port Botany, Sydney, na huko ndiko alikofahamiana na Graham, mzee wa Kiingereza aliyestaafu na kuanza kuagiza bia kutoka viwanda vidogo vidogo vya kwao, vile ambavyo mtu na mkewe hupika pombe katika banda lililokuwa la ng'ombe. Siku moja Baba alishusha mzigo wake bila kuvunja hata chupa moja, naye Graham, kwa kufurahi, akamwalika aje Jumapili kuonja. Laiti Baba angalivunja zote.

Mama alifanya kazi ya kutunza wazee na Jumapili mchana ilikuwa zamu yake, kwa hiyo mimi nilitoka kanisani moja kwa moja hadi gereji, gauni la kanisa bado mwilini. Isitoshe, Kiingereza cha Baba kilikuwa cha ghalani: inua, shusha, rudi nyuma, angalia kichwa. Hakikutosha kuzungumzia bia, maana watu wale hawakuzungumzia bia kama watu wengine. Walikuwa wanaume watano wenye matumbo na kaptura, wamekaa kwenye viti vya kukunja, jua linayakaanga mabati juu yao, na wao wanakunywa bia nyeusi isiyo baridi. Ubaridi, walisema, unaua ladha. Ile bia baridi ya Kiaustralia ambayo mafundi huinywa wakitoka kazini waliiita maji ya kuoshea vyombo, na kila Jumapili waliurudia utani huo na kuucheka upya. Graham alimimina polepole, chupa ameilaza, ili chachu iliyotuama chini isipande. Bia hii, alieleza, ni hai, haikuchujwa wala kuuawa kwa moto, chachu yake bado inafanya kazi. Neno hilo, hai, alilitamka kwa sauti ya padri. Mimi niliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kila mama alikuwa na ndoo ya pombe hai nyuma ya nyumba, sikuona cha kupigia magoti.

Kisha ilianza ibada yenyewe. Glasi iliinuliwa kwenye taa, ikazungushwa, pua ikaingizwa ndani mpaka mtu akabaki macho tu. Kimya. Tena kinywaji kidogo, macho yakafumbwa, mdomo ukatafuna kama mbuzi anayecheua. Ndipo maneno yakaanza kutoka. Mmoja alisema biskuti. Wa pili akasema ndiyo, lakini biskuti iliyoungua pembeni. Wa tatu akaona ganda la chungwa, tumbaku, na majani yaliyokatwa jana. Jana, si leo! Ilikuwapo chupa moja ya bia nzito iliyolazwa muda mrefu kwenye pipa la mbao, na Graham aliipenda mpaka machozi yakamlenga. Akasema ina blanketi la farasi. Mwenzake akaongeza zizi, zizi la asubuhi, na wote wakaguna kwa kuridhika, kwa sababu zizi ndiyo iliyokuwa sifa ya juu kabisa pale gerejini. Baba akanigeukia, nami nikamtafsiria kwamba wanasema inanuka zizi. Akauliza kama wanaitukana. Nikamwambia hapana, wanaisifu. Sikukosea hata neno moja. Walisema zizi nami nikasema zizi, ujinga ulikuwa wao. Na bia iliyowachefua hawakuiita mbaya. Waliiita interesting, yaani ya kuvutia, wakaiweka chini taratibu, mwishowe ikaenda kumwagwa kwenye ndoo. Kumaliza glasi kulikuwa aibu, eti wanaomaliza ni walevi. Bia imevuka nusu ya dunia ndani ya kontena, watu wazima wanaipokea kwa heshima zote, halafu wanaimwaga.

Baba hakuipenda bia ile. Namjua, uso wake ulikunjamana kila alipoimeza. Alichokipenda ni dakika ile ambapo Graham alimgeukia na kumuuliza, "Sal, unaonaje?" na wazungu watano wakanyamaza kumsubiri. Ghalani hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Hapo dharau yangu huyumba kidogo, ila haianguki, kwa sababu nakumbuka yaliyofuata. Alinunua kaptura. Alianza kunusa chai. Alinusa maharage ya Mama na kutangaza kwamba yana moshi na udongo kwa mbali, naye Mama akamjibu kwamba kama ameuona udongo basi akayaoshe yeye. Kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yake alikataa bia aliyokaribishwa, akamwambia mwenye nyumba kwamba ni baridi mno, haisemi kitu. Mama alikuwa na methali zake kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Mbele za watu alisema mwiga tembo hupasuka msamba. Jikoni, tulipokuwa peke yetu, alisema maskini akipata matako hulia mbwata.

Haya yote yangebaki kichekesho cha nyumbani kama si dada yangu Esperansi. Yeye ndiye mkubwa wetu, alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee kama Mama, na alimpenda Desire, kijana Mrundi mwenzetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye ukoo wake uliishi upande wa Cabramatta. Wangeweza kwenda kuandikisha ndoa serikalini wakati wowote. Esperansi alikataa. Alisema amekulia kambini ambako kila kitu kilikuwa cha kuazima, na kitu kimoja anakitaka kiwe cha kwake na kiwe kamili: kuombwa nyumbani kwa baba yake, kwa pombe, mbele ya watu. Kwetu waombaji huja na pombe. Aliyeipika hunywa funda la kwanza hadharani kuonyesha kwamba ni safi, kisha anamkabidhi baba wa binti, na baba hunywa mpaka tone la mwisho. Akishakunywa, ametoa mtoto na amepata mkwe. Asipokunywa, amekataa, hata kama anatabasamu. Na kuna jambo ambalo kwetu hata mtoto mdogo analijua: pombe ya ukwe hainuswi. Anayenusa anatafuta sumu.

Pombe ilipikwa na shangazi yake Desire, Mama Yustina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Alinunua ndizi mbichi, akazivundika ndani ya mablanketi mpaka nyumba nzima ikanukia utamu, akakamua maji yake, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akaiacha ichachuke kwenye pipa la plastiki. Siku ya kuomba walifika kwetu Lidcombe mchana, magari yamejaza barabara, wanawake wamevaa mavazi ya rangi moja. Esperansi alikaa kwenye mkeka uani, kitenge kimefungwa begani. Na mbele kabisa, kwenye kiti chetu kizuri, kuwapita wajomba na wazee wa kanisa, Baba alimkalisha Graham. Alitaka aone mambo yetu. Kusema kweli alitaka mambo yetu yamwone Graham.

Hotuba zilikuwa nzuri. Mzee Fabiani, baba yake Desire, aliomba kwa mafumbo na Baba akamjibu kwa mafumbo, watu wakapiga makofi, nikaanza kuamini kwamba yataisha salama. Mama Yustina akamimina, akanywa funda lake, akapiga goti, akampa Baba glasi kwa mikono miwili. Baba akaipokea. Akaiinua juani. Akaizungusha. Halafu, mbele ya ukoo mzima wa Desire, akaingiza pua.

Sijasikia kimya cha namna ile tena. Baba akakidhani ni kimya cha gerejini, kile cha watu wanaosubiri neno lake. Akanywa kidogo, akafumba macho, akatafuna. Kisha, kwa fahari, kwa upendo hasa, akawapa neno kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Naonja zizi," alisema. "Zizi la asubuhi. Na blanketi la farasi."

"Unasemaje wewe?" Mama Yustina alisimama. "Mimi nimekupikia mavi ya ng'ombe?"

"Hapana, shangazi, nasifu!"

"Umenusa. Nimekunywa mbele yako, bado umenusa. Unatafuta nini humo, Salvatori? Sema watu wasikie!"

Baba akamgeukia Graham, akamwomba kwa Kiingereza chake cha ghalani awaeleze kwamba zizi ni kitu kizuri. Graham akapewa glasi ya kwake. Akanusa, akanywa kiasi cha kulowesha midomo, akatabasamu. "Very interesting," alisema, akaiweka glasi chini, nyuma ya mguu wa kiti, pale alipodhani hatuoni. Nilimtazama Baba na niliona ameelewa. Jumapili zote zile alikuwa amejifunza maana ya neno hilo.

Mzee Fabiani alikuwa mtu mpole, akajaribu kuyaokoa. "Basi, mzee mwenzangu," alisema, "maneno yamekwisha. Maliza glasi yako, tuendelee." Ilikuwa rahisi hivyo. Mafunda manne, matano. Nikamsihi anywe tu, "Dad, just drink it. Please." Mama akamwambia kwa Kirundi. Esperansi alimtazama. Na Baba akamtazama Graham, ambaye alikuwa ameshaiacha yake, akaona aibu kuwa yeye peke yake anayemaliza glasi. Akaiweka chini.

"Nimeshaonja," alisema. "Kuonja kunatosha."

Wale watu wakaanza kuinuka. Mama Yustina alifunga kifuniko cha pipa. Desire alibaki amekaa, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Hapo dada yangu akaondoka mkekani, jambo ambalo binti anayeombwa halifanyi, akapita katikati ya wazee, akaiokota glasi ya Baba miguuni pake. Hakuizungusha wala hakuisogeza puani. Aliinywa yote, shingo imenyooka, mpaka tukaona kitako cha glasi kikimeta, kisha akaigeuza kichwa chini mbele ya Mzee Fabiani. Wazee walitazamana. Hakuna aliyejua kama hilo linakubalika, maana halijawahi kufanyika. Mzee Fabiani akampa mkono. Esperansi akaingia ndani, akachukua mfuko wake wa kazini, akaondoka na kina Desire. Baba alikuwa bado anamweleza Graham.

Sasa Sydney imejaa wanusaji. Vijana wenye ndevu wanapika bia kwenye maghala yaliyohamwa, wanaandika kwenye makopo insha ndefu kuhusu majani na ngozi na mkate, na ofisini kwetu kila mwisho wa mwaka lazima mtu aniletee glasi ndogo na kuniuliza naona nini. Naona bia. Huwa nawaambia hivyo, nao wanacheka wakidhani nina mzaha. Graham alirudi Uingereza kwa watoto wake bila kuaga, na Baba alipata habari kwa mtu mwingine. Ndiyo thamani ya Sal. Kaptura zile Mama alizifanya matambara ya kupigia deki.

Esperansi na Desire wana watoto watatu, na nyumba yao ina kelele na chakula. Wanakuja kwetu Krismasi, wanakaa kwa adabu, wanaondoka mapema. Mwezi uliopita wazazi wangu walihamia nyumba ndogo zaidi, Baba hawezi tena kubeba, na Desire alikuja na gari lake. Alibeba friji, akabeba vitanda, akaunganisha mashine ya kufulia. Kutwa nzima alimwita Baba "Mzee Salvatori", kama amwitavyo jirani au mtu wa njiani. Jioni, tulipokuwa tunakunywa chai juu ya maboksi, Baba hakuweza kuvumilia tena.

"Desire," alisema, "miaka yote hii. Kwa nini huniiti baba mkwe?"

Desire aliweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza Baba zaidi.

"Mzee," alisema, "aliyenipa Esperansi ni Esperansi mwenyewe."

Kisha akamshukuru Mama kwa chai, akatafuta funguo zake, akaenda zake nyumbani kwa mkewe.