Leo nimetafsiri ugonjwa wa mama

Leo nimemuuliza daktari swali, mi ambaye hata darasani sinyanyui mukono!

Hospitali yetu hapa Kolwezi imeanza kutumia programu ambayo kwayo vituo vya utafiti wa kansa vinapeana habari za wagonjwa. Daktari aliomba ruhusa ya kuingiza habari za mama, anayetibiwa kansa ya titi.

Alieleza kwa Kifaransa, kwa kirefu. Mi nikatafsiri kwa sentensi moja, macho chini. (Nakiri, niliona haya kutaja "ziwa", yaani titi, mbele ya mwanaume.)

Mama akacheka. "Docteur anasema maneno mingi, we unaniletea haka kadogo? Na bale bantu batajua ni ziwa yangu? Nakataa."

Daktari akaanza kufunga kompyuta.

Sauti ikanitoka: "Docteur, jina lake litaonekana?"

"Hapana, tunaliondoa. Wataona ugonjwa na dawa tu, ili wajifunze kutibu wengine."

Nikamtafsiria mama yote, na ziwa nikalitaja.

Mama akajibu: "Jina batoe. Lakini baandike huyu mama ni wa Kolwezi. Bajue na sisi tuko mu hii kazi."

Daktari akacheka, akaandika.

Huyo ndiye mama yangu, bandugu! Wa kwenu angejibu nini?