Zamu ya Mwambani

Chini ya nyumba yetu, mwendo mfupi kutoka barabara inayopanda kwenda Lushoto mjini, kulikuwa na mwamba mpana ambao mto ulipita juu yake ukiwa umetandaa kama shuka. Maji hayakuwa na kina pale. Yaliufunika mwamba tu, na kwa kuwa yalikuwa yameusugua tangu enzi za mababu, ulikuwa unateleza kama mgongo wa kambare. Mwisho wake palikuwa na bwawa la maji ya kijani. Sisi watoto wa mtoni tulibandua maganda mazito ya migomba iliyokwisha kuvunwa, tukayakalia, tukateleza kutoka juu hadi bwawani. Wadogo walikaa. Waliokua kidogo walipiga magoti. Waliojua hasa walisimama.

Hakuna aliyesimama kama kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa. Tulikulia ua mmoja, na mimi sikuwa na kaka mwingine. Alikuwa amemaliza shule, anashinda na baba yake kwenye bustani za kabichi, na jioni anashuka mtoni akiwa na udongo kwenye kucha. Alikuwa akinyoosha mikono kama mtu anayepita juu ya gogo, magoti ameyalegeza, uso hauna wasiwasi wowote, na maji yanamchukua.

Mwambani kulikuwa na adabu zake. Ukifika unawaamkia waliokutangulia, hata kama mmeachana shuleni muda huohuo. Mkubwa akija unampisha. Hushuki mpaka aliye bwawani ametoka. Na kabla ya kuachia ganda lako unapiga ukelele, "Nashukaaa!", mpaka upande wa pili wa bonde uitike. Hakuna aliyetufundisha mambo haya. Tuliyakuta.

Kisha wakaja watu wa juu.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, kwetu milimani watu walikuwa wamebanana tangu zamani, kwa hiyo hatukuhamishwa kama tulivyosikia redioni habari za huko tambarare. Lakini kulikuwa na kaya zilizotawanyika juu kabisa, pembeni mwa msitu, na hizo ziliambiwa zisogee karibu na shule na zahanati. Zilishuka na mbuzi, masufuria na milango ya nyumba zao mabegani. Wengi wao walikuwa Waislamu, sisi wa mtoni wengi wetu Walutheri, lakini sitasema kwamba dini ndiyo iliyoleta maneno. Maneno yaliletwa na ardhi. Shamba la baba mkubwa la bondeni, lenye udongo mweusi, lilikatwa, nusu likawa la kijiji na nusu wakagawiwa wageni. Baba mkubwa alipiga makofi kwenye mkutano pamoja na wengine. Aliporudi nyumbani alilala bila kula.

Baada ya hapo mwambani pakajaa. Watoto wa juu walikuja na maganda yao ya migomba, wakapanga foleni nyuma yetu, wengi kuliko sisi. Kati yao alikuwepo msichana mmoja aliyekaa nami dawati moja shuleni. Alikuwa mwembamba, si msemaji, na aliamkia kila mtu vizuri.

"Shikamoo kaka," alimwambia kaka yangu siku ya kwanza. "Naomba nami zamu."

"Marahaba. Subiri wenyeji wamalize."

Wenyeji hatukumaliza. Mdogo wetu wa mwisho akishuka, wa kwanza alikuwa amesharudi juu. Yule msichana alisubiri, ganda lake amelilaza magotini, mpaka adhana ya magharibi ikasikika na akalazimika kwenda nyumbani. Kesho yake akaja tena, akaamkia, akasubiri. Wenzake walichoka, wakawa wanarusha mawe bwawani na kutukana. Yeye hakutukana. Alitazama tu jinsi kaka anavyoweka miguu.

Jioni moja tukirudi nyumbani nilimuuliza kaka, "Kwa nini humpishi hata mara moja?"

"Nikimpisha yeye, kesho nimpishe nani? Umewaona walivyo wengi?" Alitembea kidogo kabla ya kumalizia. "Baba wamemchukulia shamba. Mto nao niwape?"

Upande wa kushoto wa mwamba kulikuwa na mfereji mwembamba, mkali zaidi, uliozunguka nundu ya jiwe na kutokea kwenye bwawa lilelile. Waliotutangulia hawakuupita, nasi hatukuuliza sababu. Siku moja yule msichana alisimama kwenye foleni, akachukua ganda lake, akavuka maji mpaka upande ule. Alisimama wima, akapaza sauti, "Nashukaaa!", akatoweka nyuma ya nundu. Alipotokea alikuwa bado amesimama, mikono ameinyoosha kama kaka, ila alikuwa na namna yake ya kuinamisha bega, kama anayesikiliza kitu. Aliingia bwawani karibu bila kurusha maji.

Watu wa juu walishangilia mpaka mbwa wakabweka ng'ambo. Nilimtazama kaka. Alikuwa anatafuna jani la mti.

"Anajua," alisema.

Kuanzia hapo kukawa na foleni mbili, ya kulia yetu na ya kushoto yao. Aliye juu upande mmoja hakuweza kumwona aliye juu upande wa pili, kwa sababu ya ile nundu. Ilibaki sauti. Ukisikia "Nashukaaa!" ya upande wa pili, unangoja. Na kwa kweli tulingojana. Nilianza kufikiri kwamba ugomvi umejimalizia wenyewe, na siku moja nilimwona kaka akimpokea yule msichana ganda lake ili apande jiwe.

Masika yalikuja kwa nguvu mwaka ule. Kwa siku nyingi hakuna aliyekwenda mtoni. Tulikaa jikoni tukiota moto na kula ugali wa unga wa njano. Mvua ilipokatika, mchana wa Jumamosi baada ya kazi za shamba la kijiji, wote tulishuka kwa pamoja, wa mtoni na wa juu. Maji yalikuwa yamepanda, rangi ya chai ya maziwa, yananguruma. Mtu akikusemesha ulitazama midomo yake.

Mimi nilikuwa nimeshateleza, nimekaa kwenye jiwe kando ya bwawa nakamua khanga yangu. Pale chini ndipo mahali pekee ambapo mtu angeweza kuona pande zote mbili. Niliinua macho nikamwona kaka kulia, amesimama, ameshaanza kushuka. Nikamwona na yule msichana kushoto, naye ameanza. Niliona kinywa cha kaka kikifunguka, nikaona na cha yule msichana kikifunguka, na sikusikia sauti hata moja. Nikapiga kelele. Hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Walikutana pale mikondo miwili inapoungana. Msichana aliibuka, mkono wake wa kulia unaning'inia, watu wakamvuta nje. Kaka hakuibuka. Ganda lake lilitoka peke yake, likazunguka bwawani taratibu, likazunguka tena, kisha likaenda na maji.

Wanaume walimpata kesho yake, chini zaidi, amenaswa na mizizi ya mkuyu.

Kwenye mazishi watu wa juu walikuja, wakasimama nje ya uzio wa mifyulisi. Baba yake yule msichana alishika kofia yake mikononi muda wote. Baba mkubwa alipita mbele yao bila kuwaona. Baada ya wiki chache uliitwa mkutano shuleni. Mwenyekiti alitaka kujua nani alikuwa na haki ya kushuka kwanza. Wa mtoni walisema hili, wa juu walisema lile, mabalozi wa nyumba kumi kumi wakaanza kunyoosheana vidole. Mwisho mwenyekiti akamgeukia baba mkubwa.

"Mzee wangu, wewe unasemaje?"

"Mimi sina neno," alijibu, akaketi. Na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilitaja jambo lile. Hata mimi, niliyeona, hakuniuliza. Nilikuwa nikimpelekea uji asubuhi, nimejiandaa kuulizwa, na yeye ananiuliza habari za kuku.

Kuteleza kulipigwa marufuku, ingawa hapakuwa na haja. Majani yakaota kwenye njia ya kwenda juu ya mwamba. Akina mama waliofulia pale chini walianza kuhama mmoja mmoja. Wengine walisema maji yamekuwa machafu, wengine hawakusema sababu. Nyumbani kwetu tulisali, na mama alinikataza kusikiliza maneno ya watu.

Kiangazi, alasiri moja jua likiwa bado kali, nilikwenda kuchota maji nikamkuta yule msichana amekaa juu ya mwamba, upande wa kulia, mahali palepale pa mwisho wa foleni alipokuwa akisubiri zamani. Mkono ulikuwa umeunga vibaya, umepinda chini ya kiwiko. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile. Nilipanda nikakaa karibu naye.

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Aseme nipite."

Nilitaka kumwambia aache, twende nyumbani. Mto ulikuwa mdogo, unapita kimya, nzi wa majini wanarukaruka juu yake. Ndipo tukasikia, nyuma yetu, si mbali, "Nashukaaa!"

Sote wawili tulivuta miguu yetu kutoka kwenye maji. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwanza. Kitu kilikwaruza mwamba, kikapita mbele yetu, ule mkwaruzo wa ganda bichi ninaoufahamu kama ninavyofahamu mlango wa nyumba yetu, kikateremka, kikaisha. Nilingoja kishindo cha bwawani. Hakikuja.

"Shikamoo kaka," alisema yule msichana.

Maji yaliendelea kupita. Nilimshika mkono wake mzima tukashuka, ndoo yangu nikaiacha pale. Hatukumwambia mtu.

Ile hali ya vijiji ilipolegea, kaya za juu zilianza kuondoka. Nyingine zilirudi kwenye viwanja vyao vya zamani. Ya yule msichana iliteremka Muheza kwa ndugu. Mimi nikasoma ualimu, nikaolewa, nikazaa, nikarudi kufundisha shule ileile, na kila nilipowapitisha watoto mtoni kwenye somo la sayansi niliwapitisha kwa daraja la chini.

Miaka mingi baadaye nilikuwa sokoni Muheza nikitafuta machungwa na karafuu. Mama mmoja aliniwekea machungwa kwenye kikapu, nikaona ule mkono. Tulitazamana mpaka mteja mwingine akaanza kulalamika. Kisha tukakumbatiana juu ya meza, machungwa yakadondoka.

Alinikalisha kwenye kigoda chake. Aliniambia kwamba tangu kuhamia huku Muheza hajaingia mtoni. Kisha akauliza, "Baba yake kaka yupo?"

"Yupo. Macho ndiyo yamekwenda."

"Nitakuja," alisema.

Alikuja kabla ya mwezi kuisha, na kikapu cha matunda. Nilimpeleka moja kwa moja kwa baba mkubwa, aliyekuwa amekaa barazani na koti lake la sufu, kama kila jioni. Rafiki yangu alipiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sauti hii si ya hapa."

"Mimi ni yule wa juu, baba. Wa siku ile ya mtoni."

Nilifikiri atanyanyuka aondoke. Alisaga taya zake.

"Mkono ulipona?"

"Ulipona baba, ila umepinda."

"Lete."

Alimpa. Baba mkubwa akaupapasa kuanzia begani, taratibu, vidole vyake vya mkulima vikasimama pale ulipopinda, vikabaki hapo.

"Alikuwa mzito, yule mwanangu," alisema. Kisha, "Ulimwita?"

"Nilimwita. Naye aliniita."

"Ulimsikia?"

"Siku ile, hapana."

Baba mkubwa aligeuza uso wake upande wetu. "Na baada ya siku ile?"

Rafiki yangu alinitazama. Nikatikisa kichwa kumkubalia.

"Baada ya siku ile, ndiyo," alisema. "Tulimsikia wote wawili."

Nilidhani atashtuka, au atatukemea kwa kusema mambo ya kipagani barazani kwa mzee wa kanisa. Hakufanya hivyo.

"Watu wengi wamemsikia," alisema. "Wanadhani sijui. Mama yake alimsikia kabla hajafa. Mimi nakaa hapa kila jioni. Wakinilaza mapema nakataa. Nakaa, nasikiliza." Alivuta koti lake kwa mkono mmoja. "Sijamsikia hata mara moja."

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kwenye miti ya miwati, na baridi yake ilinifika miguuni. Nikaingia jikoni kuchemsha chai. Niliporudi na vikombe rafiki yangu alikuwa amekaa chini kwenye jamvi, na baba mkubwa alikuwa bado ameushika ule mkono.