Kifua cha Mpima Malori

Madereva walimwita Tani. Alikuwa mpima malori kwenye mizani ya barabara kuu, mtu wa kukaa ndani ya kibanda cha vioo, kusoma uzito kwenye skrini, kuwapungia waliotimiza na kuwarudisha waliozidisha. Kazi hiyo haina marafiki. Dereva aliyejaribu kupitisha tairi moja nje ya sahani ya chuma ili mzigo usomeke mdogo, akakamatwa na kuamriwa arudi apande upya, lazima atafute la kusema. Na la kusema lilikuwa pale pale mbele ya macho yake: tumbo, limeanzia chini ya kifua cha mpima na kuishia mezani.

"Sawa bosi, mimi nimezidisha. Na wewe, nani anakupima?"

Siku moja walimbembeleza kwa kicheko mpaka akatoka nje, akasimama juu ya mizani. Akawaambia mizani ya malori haimsomi binadamu. "Wewe itakusoma tu," wakamjibu, na kweli namba zikacheza kwenye skrini, wakapiga honi foleni nzima. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Halafu akaingia chooni, akajifungia, akakaa humo mpaka macho yakakauka.

Nyumbani hakuitwa Tani. Mkewe, msusi mwenye kiti chake kwenye saluni ya karibu na soko, alimwita Baba, ingawa walikuwa wameoana miaka mingi na hakuna mtoto aliyetokea kumpa jina hilo. Mama mzazi wa mume alikuwa na maelezo yake tayari.

"Mafuta yamemziba mwanangu," alisema, tena mbele za watu. "Na anayempikia hayo mafuta ni nani?"

Msusi aligawa karai lake la kukaangia kwa jirani, akaanza kuchemsha. Maharage, mboga za majani, yai, tunda, basi. Soda zikapigwa marufuku, sukari ikafichwa. Alfajiri akawa anamwamsha mumewe, wanakwenda kukimbia kuzunguka uwanja wa shule. Watoto wa shule walikuwa wanakaa ukutani kuwasubiri kama wanavyosubiri mpira uanze. Msusi alikuwa mwepesi wa miguu, angeweza kumwacha mumewe mbali, lakini alikuwa anapunguza mwendo na kushika kiuno, anajifanya pumzi imemwishia, ili asimpite.

Na uzito ulipungua, jamani. Mkanda ulirudi tundu moja, ukarudi jingine. Usingizi wake ulikuwa mzuri, magoti hayakulia tena akipanda ngazi za kibanda. Lakini ulipungua kwa mwendo wa chakula na mazoezi, yaani taratibu, na baada ya muda ukasimama. Mtu mwenye akili angesema ahsante na kuendelea kutembea. Yeye alitaka kuonekana.

Ndipo alipompata Kocha, mwenye ukumbi wa kunyanyua vyuma nyuma ya kituo cha mafuta. Kocha alimshika mkono kama mnunuzi anayeshika mbuzi, akatikisa kichwa.

"Chakula umekiweza, mazoezi umeyaweza. Kilichobaki ni homoni. Homoni ya kiume ikipungua, mafuta hayatoki hata ukimbie mpaka mpakani. Sindano moja tu kwa wiki, utanishukuru."

Hakumpima damu. Hakumuuliza kama ana mtoto au anataka mtoto. Alimuuzia dawa kama anayeuza karanga.

Sasa bwana mkubwa huyu, mwenye kuwasimamisha madereva wenye malori marefu kuliko nyumba yake, alikuwa anaogopa sindano. Akiiona tu, jasho jembamba. Kwa hiyo mkewe akajifunza kwa Kocha. Mikono yake ilizoea kugawa nywele mistari myembamba kama uzi, haikutetemeka. Kila Ijumaa jioni mume alilala kifudifudi kitandani, mke akamfuta kwa spiriti, akadunga, akabana pamba, akasema, "Pole, Baba." Mtu hakuwahi kupigwa sindano kwa upole kama ule.

Na sindano ikafanya kazi, hilo halina ubishi. Tumbo likarudi ndani, mabega yakatoka, ndevu zikajaa. Kocha akamvika kilemba cha ukoka mbele ya vijana wa ukumbi, akawa anamsimamisha aonyeshe mgongo. Madereva wale wale walianza kumwita Chuma. Alinunua mashati madogo makusudi, akaacha vifungo viwili vya juu wazi hata asubuhi ya baridi. Kioo cha mlango wa kibanda hakikupumzika. Kichwa kikavimba kuliko kifua, na yule mke aliyekuwa akikimbia nyuma yake uwanjani sasa aliachwa nyumbani, kwamba anamchelewesha.

Mama mtu naye akageuza maneno bila hata kukohoa. Jana ilikuwa mafuta ya mwanawe, leo ni tumbo la mkwewe.

"Mtazameni mwanangu, kifua kama mlango wa benki. Sasa tatizo limejulikana liko wapi."

Msusi akaenda hospitali kupima. Akarudi na jibu kwamba yuko mzima. Mama mkwe akacheka. "Vipimo! Mimi nina macho." Basi usiku ule msusi akamwomba mumewe, kwa sauti ya chini, naye aende. Akaenda bila wasiwasi wowote, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kuchukua zawadi yake.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyependa kupoteza maneno. Aliangalia majibu, akamwangalia yeye, hasa shati.

"Unatumia dawa gani?"

"Situmii. Ni chakula na mazoezi tu."

"Bwana, nakuuliza mara ya pili."

Akasema. Daktari akaweka kalamu chini.

"Hamna mbegu. Si kwamba ni chache, hamna hata moja. Hiyo sindano inauambia mwili homoni ipo tele, basi mwili unafunga kiwanda chake. Mbegu zinatengenezwa kwenye kiwanda hicho hicho."

"Nikiacha?"

"Kwa wengi zinarudi. Miezi kadhaa, wengine mwaka na zaidi. Nitakusimamia, usiache kiholela. Utachoka, utanuna, na mafuta mengine yatarudi. Lakini utakuwa na nafasi ya kuitwa baba."

"Tumbo litarudi?"

Daktari akachukua kalamu yake. "Mimi nakueleza habari za mtoto, wewe umesikia tumbo."

Alitoka pale akiwa ameshikwa na hofu ya kweli, tusimwonee. Njiani aliapa ataacha. Alipanga hata maneno ya kumwambia mkewe. Kisha akapita mbele ya duka la vioo, akajiona mzima mzima kuanzia kichwani mpaka viatuni, na maneno yote yakayeyuka.

Ilikuwa Ijumaa. Msusi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, hajavua hata viatu vya kazini.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema niko mzima."

Msusi aliangalia mikono yake, akaigeuza upande wa pili.

"Basi ni mimi," akasema.

Palikuwa na nafasi hapo ya kutosha kupitisha lori. Mume hakuipita. Msusi akainuka, akanawa mikono kwa sabuni, akatoa kichupa, akavuta dawa, akagonga bomba kwa kucha kuondoa hewa. Na yule mwanaume, anayejua kilichomo ndani ya lile bomba na kazi yake, akashusha suruali, akalala kifudifudi. Mke akamfuta kwa spiriti, akadunga, akamfungia njia mtoto wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, akabana pamba.

"Pole, Baba."

Kikao cha familia hakikuchukua muda. Alikuja mama mtu, akaja dada mtu, na upande wa mke akaja mjomba peke yake, mzee mpole aliyevaa koti la kuazima. Mjomba ndiye aliyeuliza lililopaswa kuulizwa.

"Na wewe mkwe wangu, umepima?"

"Nimepima. Daktari kasema mimi sina tatizo."

Mjomba akamgeukia msusi. "Mwanangu, unasemaje?"

"Mume wangu hajawahi kunidanganya, mjomba."

Dada mtu akaguna, akasema afadhali mtu anayejijua. Ikaamuliwa waachane, msusi akafunga sanduku lake la nguo na boksi la vitana. Kabla ya kutoka alimwita yule wifi pembeni, akamwonyesha sehemu ya kudunga sindano bila kumuumiza, maana kaka yake anaogopa.

Mke mpya alitafutwa na huyo huyo dada. Alikuwa muuzaji wa duka la mikate, mcheshi, mwenye simu isiyokaa chini. Haukupita muda mrefu akatapika asubuhi, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mpima malori naye alifurahi, tena sana. Alijiambia madaktari si Mungu. Furaha ikamtuma arudi kwa yule daktari kimyakimya, athibitishe tu.

"Bado unachoma sindano," daktari akamwambia. "Hamna."

"Labda moja, mama. Moja tu iliponyoka."

"Nimetafuta mara mbili."

Akarudi nyumbani na hasira za kuvunja mlango. Alitaka kumkamata mwanamke yule shingoni amuulize mimba ya nani. Alifika mpaka mlango wa jikoni, akamkuta mama yake anamkanda miguu mkwe mpya na kumwimbia. Hapo ndipo hesabu ilipomfikia. Akisema mimba si yake, ataulizwa anajuaje. Akisema anajuaje, ataulizwa tangu lini. Akasimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu akaomba maji ya kunywa.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mwenye afya, na uso wa watu wengine kabisa. Jamaa walijaa sebuleni. Mama mtu alimpakata, akampa baba mtu ambebe, akasema yule wa kwanza alitaka kumpotezea mwanawe maisha bure. Dada mtu akauliza kwa sauti, "Haya, kafanana na nani?"

Watu wakamgeukia baba. Mke mpya alikuwa amekodolea macho zulia.

"Mimi," akasema. "Kanichukua mimi mtupu."

Mke mpya akainua uso na kuvuta pumzi. Tangu siku hiyo hakumwogopa tena.

Aliporudi kazini, madereva walimpigia honi za hongera mpaka wasimamizi wakatoka nje. Kati yao kulikuwa na mmoja wa lori la saruji, mjane, mkimya, ambaye hata enzi za Tani hakuwahi kumwita hivyo. Lori lake lilipopanda mizani hakubaki kwenye usukani. Alishuka, akaja dirishani, kofia mkononi.

"Hongera kwa mtoto, bosi."

"Ahsante."

"Nina neno, naomba usinichukulie vibaya. Yule shemeji wa zamani, msusi. Ndiye anayewasuka binti zangu. Nimempenda, nimemwambia nataka kumwoa." Aligeuza kofia. "Amenikataa. Anasema hazai, nisijipotezee muda. Alilia, bosi. Mimi ningemchukua hata hivyo, lakini mama yangu ameapa hatamkubali mwanamke asiyezaa, na mama ni mgonjwa, siwezi kugombana naye. Kwa hiyo nimekuja kwako. Wewe umekaa naye. Huenda anasema tu. Ni kweli hazai?"

Mpima malori aliangalia skrini. Uzito ulikuwa umetulia, hauna shida. Nyuma foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye kona. Neno moja tu lingetosha kumsafisha mwanamke ambaye hajamkosea chochote, na dereva yule hakuwa mtu wa kutangaza. Lakini angejua asiyezaa ni nani. Mtu mmoja hapa duniani angemtazama lile shati na kujua.

"Ni kweli," akasema. "Hazai."

Dereva aliinamisha kichwa. Kisha akavaa kofia.

"Ahsante kwa kuniambia ukweli, bosi," akasema, akapanda lori lake, akaondoka. Mpima malori akampungia wa nyuma yake apande.