Waliuza Mbiu, Wakauza na Sauti Yangu

Nilimwamkia Mzee Chilongani shikamoo, hakuitikia. Nikadhani hajasikia, maana mnada wa Kibakwe una kelele zake. Nikarudia. Akanitazama kama anayetazama ng'ombe wa wizi, kisha akawageukia wenzake waliokaa kwenye mawe kando ya zizi.

"Huyu ndiye," akasema. "Mwulizeni huyu."

Mzee huyo namfahamu miaka mingi. Nimekula ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwake, na mkewe ananiita mdogo wangu. Nikamwambia, "Niulizwe nini, baba?"

Akatoa simu yake ya vitufe, akapiga ile namba ya kusikilizia matangazo, akaniwekea sikioni. Nikamsikia mwanamke akisema: "Mbukwenyi, wafugaji. Mimi ni Mama Yona. Kuna ugonjwa. Homa ya mapafu. Kibakwe. Usipeleke mifugo mnadani. Jumamosi."

Mwanamke yule ni mimi. Na maneno yale sijawahi kuyasema.

"Ulituambia tusilete, hatukuleta," mzee akasema. "Siku ileile lori likapita majumbani na mizani yake. Mwenye lori anasema, nasikia huku kuna ugonjwa, nawasaidia tu. Tukauza ng'ombe kwa bei ya mbuzi, tukijua watakufa. Baadaye afisa mifugo anatuambia hakuna ugonjwa wowote, hakuna aliyemwuliza. Sasa wewe, Mama Yona, lori lilikupa nini?"

Mmoja wao akadakia, "Lilimpa lifti!" Wakacheka. Kicheko kile bado nakisikia nikiwa napika, nikiwa kanisani, popote.

Ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hizi za kompyuta, naandika ili mjue kazi yenyewe tuliifanyaje, na iliuzwaje. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima kwa dada yangu, vikanibana. Kabla ya hapo nilikuwa mtangazaji wa mnada wa mifugo: natangaza rangi ya ng'ombe, natangaza mbuzi aliyepotea, natangaza mlevi anayetafutwa na mkewe. Nuru Sadiki alinisikia huko. Alikuwa binti msomi, Meneja wa Bidhaa wa kampuni ya programu za kompyuta iliyopanga nyumba Mkonze, pale Dodoma. Akanifuata kwenye kivuli akaniuliza, "Mama, unajua kusoma?"

"Kiswahili nasoma. Kigogo naongea. Kiingereza nakisikia kikipita."

"Hicho kiache kipite," akasema, tukacheka. Nilimpenda siku hiyo. Naliandika hilo ili msiseme namchukia tangu mwanzo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni ilitengeneza mfumo unaoitwa Mbiu ya Zizi. Mfugaji anaandikishwa kwa namba ya simu yake na kijiji chake. Ugonjwa ukiingia, au mnada ukihamishwa, simu inalia kwake na anasikia sauti. Sauti, si maandishi, kwa sababu wengi wa watu wetu hawasomi, na wanaosoma hawana miwani. Sauti hiyo ikawa yangu.

Msidhani nilikuwa nakaa pale nikisoma kila tangazo. Kompyuta haijui kusema, inajua kushona. Walinirekodi vipande: majina ya vijiji, siku za wiki, namba, magonjwa, "kuna," "hakuna," "peleka," "usipeleke." Kila kipande nilikisema mara mbili, kimoja sauti ikiwa juu, cha kukaa katikati ya maneno, kingine sauti ikishuka, cha kufungia. Ukikosea kuchagua, tangazo linasikika kama mtu anayejikwaa. Chumba cha kurekodia tulikizungushia magodoro ukutani, tukaning'iniza blanketi mlangoni. Tulifanya kazi asubuhi kabla upepo wa Dodoma haujaanza kupiga mabati. Hata hivyo kulikuwa na mbuzi wa jirani ambaye alikuwa na tabia ya kulia kila nikifika "homa." Nuru alikuwa akisema, "Huyo naye anataka ajira."

Kitu kimoja nilikidai mimi. Wafugaji wa huku, ukiwaambia jambo, swali lao la kwanza ni: nani kasema? Tangazo lisilo na mwenyewe wanaliacha lipite kama upepo. Nikamwambia Nuru, kila tangazo lianze na salamu ya kwetu na jina langu, waweze kunifuata nyumbani nikidanganya. Akakubali. Ndiyo maana ikawa "Mbukwenyi, wafugaji. Mimi ni Mama Yona."

Na kwa sababu jina ni langu, nikaweka na sharti. Kabla ya tangazo la ugonjwa kutoka, nampigia afisa mifugo wa kata husika. Nikimkosa, napanda gari naenda. Nilishafika vijijini nikakuta ng'ombe aliyesemekana ana homa ya mapafu amekula mfuko wa plastiki. Tangazo likakaa, halikutoka.

Walinipanga Kibakwe kwanza, kuandikisha watu boma kwa boma kwenye vile vilima. Hapo ndipo Mzee Chilongani alinipokea, akanitembeza kwa wenzake akisema, "Huyu ni mtoto wetu, mpeni namba." Watu wale hawakuipa kampuni namba zao. Walimpa yeye, kwa ajili yangu. Baadaye nikapelekwa Busi, huko Kondoa, kwa Warangi. Bibi mmoja aliyekuwa akinisikia kwenye simu ya mjukuu wake alinizunguka mara mbili, akanishika mkono, akasema, "Kumbe una miguu! Na simuni ulikuwa mnene." Nikalala kwake.

Bosi mkubwa alikuwa Mkurugenzi, Bwana Evarist Kabogo. Huyu alikuwa akituita familia. "Familia, habari za asubuhi. Familia, mwezi huu mvumilie." Mimi nilizaliwa kwenye familia kubwa, najua mtu akiitaja sana ujue anataka kugawa urithi.

Mashaka yangu yalianza kidogokidogo. Wageni wakaanza kuja wakiwa na viatu visivyo na vumbi, na Mkonze hapana mtu asiye na vumbi. Walikuwa wakipiga picha chumba cha magodoro. Walimwuliza Nuru kwa sauti ya chini wafugaji walioandikishwa ni wangapi na wanatoka kata zipi. Mimi, niliyewaandikisha, hawakuniuliza hata njia ya chooni. Nuru akaacha kula nasi mchana. Awali alikuwa anachovya ugali kwenye bakuli langu, sasa anakula garini.

Kisha siku moja akaniletea maneno mapya ya kurekodi. Nikayatazama: "uza," "leo," "bei nzuri," "mnunuzi," "nyumbani kwako."

"Nuru, Mbiu imeanza lini kumwambia mtu auze?"

"Ni maboresho tu, mama. Soma."

"Maboresho ya nani?"

"Mama Yona, jamani. Mbona unanihoji kama polisi? Tunaongeza msamiati tu."

Nikasoma. Alikuwa hanitazami usoni, anatazama zile taa za mashine.

Haukupita muda tukaitwa kikao. Kulikuwa na soda na sambusa, nikajua kuna msiba. Bwana Evarist akasimama akatufundisha neno jipya: laini ya bidhaa. Akasema kampuni yetu ni kama shamba lenye mazao matatu. Kuna programu ya ada za shule, kuna ya maduka ya dawa, na kuna Mbiu ya Zizi. Kila zao ni laini. "Familia, hatujauza shamba. Tumeuza zao moja kwa kampuni ya Dar yenye nguvu zaidi. Shamba lipo palepale." Watu wakapiga makofi. Pembeni yake alikaa Bwana Shafii Mwinchande wa kampuni hiyo ya Dar, cheo chake Mkuu wa Ushirikiano, anatabasamu kama bwana harusi.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mimi niko kwenye shamba au kwenye zao?"

Watu wakacheka. Evarist akamwangalia Shafii. Shafii akajibu kwa upole: "Swali zuri sana, mama. Wewe ni mfanyakazi wa kampuni hii, kwa hiyo huhamishwi. Sauti ndiyo sehemu ya bidhaa. Sauti inahamia kwetu."

"Ihame bila mimi?"

"Ya kooni utabaki nayo, usiogope!"

Wakacheka tena, safari hii hata Nuru. Nikauliza la mwisho: ugonjwa ukitajwa, afisa mifugo atapigiwa na nani? Akasema mfumo utapokea taarifa moja kwa moja kutoka kwa washirika. Washirika gani? Washirika wa soko, akasema, na Evarist akatangaza sambusa zinapoa.

Sikuwa nimelijua neno hilo, washirika wa soko. Sasa nalijua. Ni wenye malori.

Kwa kuwa Mbiu ilikuwa imeondoka, nikaambiwa hakuna kazi yangu iliyobaki. Wakanipa kitenge na cheti cha shukrani, Evarist akasema nimestaafu kwa heshima. Nina miaka hamsini na kitu na nguvu zangu zote. Hayo ndiyo wanayaita kustaafu.

Baada ya kile kilichonikuta mnadani Kibakwe sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilimwomba Mzee Chilongani anisikilizishe tena tangazo, akakubali kwa shingo upande. Ile "Kibakwe" niliitambua. Niliirekodi nikiwa na mafua, na ni ile ya kufungia, sauti inashuka, ndiyo maana imekwama katikati. Aliyeshona alikuwa na haraka, au hakuwa amefundishwa na Nuru. Nikajaribu kuwaeleza wazee. Mmoja akaniambia, "Mama, kwa hiyo unatuambia ni wewe lakini si wewe?" Nikamwambia ndiyo, ni hivyo hasa.

Nikaenda Mkonze. Nuru akanikuta getini, hakunifungulia.

"Mama, poleni. Tumesikia. Ilikuwa hitilafu ya mfumo."

"Hitilafu ipi inayojua njia ya lori?"

"Mimi sipo tena kwenye Mbiu. Niko kwenye ada za shule."

"Nuru, mimi nilikupeleka mwenyewe kwa Mzee Chilongani. Ulikunywa maziwa yake."

Akalia. Mimi machozi yale siyajui maana yake mpaka leo. Anayejuta husema, huyu alilia akaingia ndani. Evarist naye akatuma mlinzi aniambie bidhaa si yao tena, niwaulize wanunuzi.

Nikawaulizia wanunuzi. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ya Dar. Simu ikapokelewa. "Mbukwenyi. Mimi ni Mama Yona. Tafadhali subiri."

Nikasubiri. Nilijisubiri mwenyewe mpaka salio likaisha.

Watu wananiambia niache, wewe umeshastaafu, lima bustani yako. Lakini hawako mahali pangu. Nikisimama kwenye msiba kusema neno la pole, nawaona wa Kibakwe wanatazamana. Mwezi uliopita yule bibi wa Busi alimtuma mjukuu wake aniulize kama kweli wauze mbuzi leo kwa mnunuzi anayekuja nyumbani. Kwa hiyo wale wa Dar bado wanaongea, na bado wanaongea kwa mdomo wangu. Nilimjibu asiuze, asubiri mnada. Ila huyo ni mmoja aliyejua kuuliza. Wasiouliza ni kata ngapi? Na siku ugonjwa wa kweli ukiingia, tangazo la kweli likatoka, nani ataliamini? Ng'ombe watapelekwa mnadani wakiwa wagonjwa, waambukizane, na watu watasema: huyo Mama Yona ni mwongo, twendeni.

Kwenu vijana nina neno moja la kazi. Mtu akija kuwarekodi sauti, sura, au chochote kilicho cha mwili wenu, mwulizeni siku akiuza atamwuzia nani, na mwenye kununua ana biashara gani nyingine. Akijibu kwa neno "familia," ondokeni na soda yake mkononi.

Kwao watatu sina nasaha, nina madai. Nuru Sadiki, uliyeniletea "uza" na "nyumbani kwako" nisome: ulikuwa unajua ni ya nini? Evarist Kabogo, uliyesema shamba lipo palepale: namba za wale wazee ulizipeleka ukijua mnunuzi ana urafiki na malori? Shafii Mwinchande, uliyenitania mbele ya watu: nani kwenu alikaa kwenye kompyuta akachagua neno ugonjwa, akachagua Kibakwe, akachagua siku ya mnada? Kompyuta haiamki yenyewe ikaichukia Kibakwe. Kuna kidole kilichobonyeza, na kidole kina mtu.

Toeni sauti yangu na jina langu kwenye mfumo wenu leo. Kisha njooni Kibakwe siku ya mnada, mchana, watu wakiwa wamejaa, msimame mbele ya waliouza, mseme kwa vinywa vyenu nani aliagiza. Msitume mlinzi, msitume binti wa huduma kwa wateja. Mkishindwa kuja wote, aje mmoja tu, mimi nauli nitamchangia. Ila aje na jina.